Nesi Aliyetoa Majibu Akitembea

Mbele yake tulimwita Mama. Akishaondoka tulimwita Nesi, na hilo ndilo lililobaki kichwani mwangu, ingawa najua alikuwa na jina lake zuri ambalo majirani zake, kule mtaa wa nyuma ya msikiti, walilitumia kila siku. Sikuwahi kumuuliza. Yeye naye hakuniuliza langu, na kwa kazi iliyotukutanisha, kutoulizana majina ndiyo ilikuwa heshima.

Kazi yenyewe ilikuwa kutupima magonjwa ya zinaa. Sisi tulikuwa wanaume wanaopenda wanaume, kumi na wawili hivi, katika mji wa Machakos, miaka ile ya mwanzo wa elfu mbili ambapo watu wa kwetu hawakututaja ila kwa kusonya. Wengine wetu tulikuwa na wake. Mimi nilikuwa naye, huko nyumbani Muthetheni, akilima shamba letu huku mimi nikishona kola za mashati katika kiwanda kimoja cha EPZ Athi River wiki nzima. Jumamosi ya kwanza ya mwezi Nesi alikuja kwenye duka la fundi wa nguo aliyekuwa mmoja wetu, akatutoa damu. Jumamosi ya pili alirudi na majibu. Siku saba katikati ya hizo Jumamosi mbili nilizimaliza bila kulala vizuri, kila mwezi, hata miezi ambayo sikuwa nimefanya lolote.

Nitaanza na miguu yake, maana ndiyo iliyonitia hofu kuliko sindano zake zote.

Nesi hakutoa majibu ndani ya chumba. Alisema mlango ukifungwa, walio nje wanaanza kujiuliza. Lakini barabarani, mchana kweupe, mwanamke wa makamo mwenye buibui akitembea na mwanamume aliyekumbatia suruali iliyofungwa kwa gazeti, nani atageuza shingo? Basi alikuchukua dukani, mkafuata lami kuelekea kituo cha petroli, na humo njiani akakwambia damu yako imesema nini. Alizungumza akitazama mbele, kwa sauti ile ile ya kuulizia bei ya nyanya. Kama huna kitu, mlifika petroli mkageuka. Kama una kitu, mliendelea, mkapita petroli, mkateremka mpaka kwenye daraja dogo la kijito, kwa sababu mwenye kitu ana maswali na Nesi alitaka yaishe kabla hamjarudi kwa watu.

Ilikuwa njia nzuri. Ubaya wake mmoja ni kwamba dirisha la duka lilitazama barabara hiyo moja kwa moja, mpaka petroli, na baada ya petroli barabara inazama. Waliobaki dukani wakisubiri zamu zao walisimama dirishani wakijifanya wanakagua vitambaa. Mtu akigeuka petroli, pumzi zilishuka. Mtu akizama, pakawa kimya.

"Amepita petroli," mmoja angenong'ona.

"Wee, toka hapo, unafunika wengine," Fundi angesema, kisha naye akanyoosha shingo. "Kweli. Amepita."

Nesi hakujua. Mtu aliyepanga kila kitu ili tusijulikane, alikuwa akitutangaza kwa hatua, na sisi hatukumwambia kwa sababu kila mmoja alipenda kujua ya wenzake. Nasema sisi, na mimi nimo.

Kila kitu kingine alikilinda. Majina hayakuandikwa popote. Katika daftari la Fundi kila mmoja wetu alikuwa kiuno na urefu wa suruali, na vichupa vya damu vilibandikwa namba hizo hizo. Mimi nilikuwa thelathini na mbili kwa arobaini na moja. Polisi wangeingia wangekuta fundi, suti za harusi zimening'inia, na daftari la suruali. Damu aliitoa nyuma ya pazia la kujaribia nguo. Vifaa alivileta ndani ya kiondo, vimefunikwa kwa sukumawiki, na siku moja aliposahau mpira wa kufungia mkono aliichomoa tepu ya kupimia shingoni mwa Fundi, akanifunga nayo. Fundi alilalamika wiki nzima kwamba tepu imevutika, na kwamba suti ya bwana harusi fulani wa Mwala ilitoka pana kwa ajili ya mshipa wangu.

Jinsi alivyotufikia ni hadithi ya Fundi. Alikuwa ameenda kliniki moja mjini akiwa na kidonda mahali ambapo mwanamume haonyeshi mtu. Aliyempokea alitoka akawaita wenzake watatu waje waone. Nesi alikuwa akipita na sinia la dawa. Aliingia, akawatoa wote kwa sauti ambayo Fundi anasema ilisikika mpaka kwenye foleni ya kina mama, akamtibu, kisha akamuuliza, "Mko wangapi?"

"Niko peke yangu, Mama."

"Ugonjwa huu mwanangu haujawahi kumpata mtu peke yake. Mko wangapi?"

Msidhani alikuwa anatukubali. Watu wanaosimulia mambo ya namna hii hupenda kumfanya mtu malaika, na Nesi angewacheka. Alituona tumekosea, na alitwambia hivyo bila kupepesa macho, huku akitafuta mshipa. Mwenzetu mmoja aliyekuwa na mdomo alimuuliza siku moja, kama anaona ni dhambi, kwa nini anakuja.

"Dhambi zenu mtaulizwa nyinyi," akamjibu. "Kaswende yenu nitaulizwa mimi. Kunja ngumi."

Adhuhuri ikimkuta pale, aliswali nyuma ya lile pazia, kati ya makoti ya watu, nasi wengine, Wakatoliki na watu wa makanisa mengine, tulizima redio na kukaa kimya mpaka atoke. Kisha alidai muthokoi wa Fundi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharage. Alikula sahani mbili akisema kila mara kwamba Wakamba hatujui kuweka nazi katika chakula, na Fundi akimjibu, "Mama, nazi tutatoa wapi na hii jua yetu?" Mwezi uliofuata yalikuwa maneno yale yale.

Na alikuwa mmbeya. Sijaona mmbeya kama yule. Alijua nani amejenga choo juu ya mpaka wa jirani, mwalimu gani amehamishwa na kwa nini, binti wa nani ameolewa haraka. Alitusimulia akicheka mpaka anajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Nilikuwa nikimsikiliza nikiwaza, mdomo huu ndio unaobeba siri yangu? Lakini neno la damu ya mtu halikuwahi kumtoka. Nilimsubiri ateleze, miaka, kwa sababu mtu mwenye hofu hutega masikio hata kwa rafiki. Hakuteleza.

Jambo jingine, aliogopa kuchomwa. Fundi alikuwa akimpima gauni la Idi, pini ikamgusa ubavuni, akapiga ukelele tukafikiri amevamiwa. Mikono iliyonitoboa mara ishirini na kitu ilikuwa ikitetemeka. "Usirudie," alimwambia Fundi, na sisi tulicheka mpaka akatuambia anayecheka atachomwa wa kwanza.

Sasa nifike kwa kinyozi, jambo ambalo nimekuwa nikilizunguka.

Kinyozi alikuwa mmoja wetu, mtu wa Ekalakala, mpole, mwenye kibanda cha kunyolea karibu na soko. Sisi wote tulinyolewa kwake. Jumamosi moja alitoka na Nesi, tukasimama dirishani, akapita petroli. Aliporudi alichomwa sindano yake ya kwanza, akakaa kwenye benchi, na wale wawili waliokuwa wamekaa hapo wakakumbuka kwamba wana safari. Wiki ile hakuna hata mmoja wetu aliyeenda kunyolewa. Mimi nilipita mbele ya kibanda chake nywele zimenifunika masikio. Aliniona. Akainua mkono, nami nikajifanya natazama saa. Niliogopa wembe wake, nikajiambia ni tahadhari. Haikuwa tahadhari, maana kaswende haiji kwa kukaa benchi moja, na Nesi alishatueleza hayo mara nyingi. Nilikuwa mwoga tu. Jumamosi iliyofuata Kinyozi hakuja kwa sindano ya pili. Kibanda kilifungwa. Nesi aliuliza, "Thelathini na nne kwa thelathini na tisa yuko wapi?" nasi tukainamia vitambaa.

Mwezi mmoja baadaye zamu ilikuwa yangu.

Nakumbuka gazeti lililofunga suruali yangu lililowa jasho. Tulipita duka la mbegu, tukapita mahali wanapouza mitungi, na Nesi alikuwa akiniambia habari za mvua. Habari za mvua! Kwa kawaida, mtu asiye na kitu aliambiwa kabla ya mitungi. Petroli ilikuwa mbele yetu, na nyuma yangu, sikuhitaji kugeuka kujua, dirisha lilikuwa limejaa vichwa. Mmoja wa wale waliokuwa dukani alikuwa mtu wa kwetu Muthetheni, anayesali kanisa moja na mke wangu. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi mitano, ya kwanza.

Nilisimama karibu na pampu ya upepo, ambapo mzee mmoja alikuwa akijaza gurudumu la baiskeli.

"Mama, tugeuke hapa."

"Bado."

"Tafadhali Mama. Wananiona."

"Nani anakuona?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, dirisha, vichwa, maneno ya kupita petroli, nikamwambia na ya Kinyozi. Nilisema haraka haraka kama mtu anayetapika. Nesi hakugeuka kutazama duka. Alitazama gurudumu la baiskeli likivimba.

"Kwa hiyo hakuikimbia sindano," alisema. "Mlimfukuza."

Nilihamisha ile suruali kwapa la pili.

"Na wewe?"

"Hata mimi, Mama. Niliacha kunyolewa kwake."

Alisubiri mpaka yule mzee alipofunga kifuniko na kuondoka. Kisha akasema, kwa sauti ile ya bei ya nyanya, "Una kaswende. Inapona. Sindano tatu, Jumamosi tatu. Mkeo apimwe wiki hii, kwa sababu inapita kwa mtoto tumboni, na mtoto hana kosa. Umenisikia?"

Nilimsikia. Nilisikia na mlio wa pampu.

"Geuka," alisema. "Cheka kidogo."

Sikuweza. Basi alicheka yeye. Aliangua kicheko kile chake cha umbeya, akanipiga begani mbele ya dirisha zima, tukarudi tukitembea polepole kama watu waliopata habari njema. Mlangoni, kabla sijaingia, alininong'oneza bila kuacha kutabasamu, "Leo umenifanya mwongo. Nimedanganya mara moja kwa ajili yako. Ya pili usiniombe."

Ndani walinipongeza. "Uko sawa wewe!" Fundi aliniletea soda, na meno yangu yaligonga chupa. Nesi aliingia nyuma ya pazia akaniita kwa namba yangu, eti suruali haijakaa vizuri, akanichoma pale pale sindano ya kwanza. Ile dawa inaingia nzito na inauma mpaka goti. Nilishukuru kwamba inauma.

Ya pili nilimwomba, bila shaka. Jumatatu sikwenda kazini. Nilimvizia nje ya kliniki akitoka, kwa sababu nilikuwa nimepata mpango uliokuwa umenipa usingizi wa saa mbili. Wajawazito huchomwa sindano ya pepopunda, kila mwanamke anajua hivyo. Je, haiwezekani mke wangu achomwe hii ya kaswende, aambiwe ni ya pepopunda? Atapona, mtoto atapona, na hakuna mtu atajua kitu.

Nilitegemea atakasirika. Alinitazama tu, akiwa na uchovu ambao sikuwahi kuuona kwake.

"Sindano tatu za kumdanganya," alisema. "Halafu wewe ukirudi na nyingine mwakani, nimwambie ni ya nini? Ya kuku?" Alirekebisha kiondo begani. "Mwili ni wake. Ana masikio. Mwambie. Una mpaka Jumapili, kwa sababu Jumatatu nitakuwa kwenye zahanati yenu, nimeomba siku ya mapumziko, nami nitamsubiri mlangoni. Asipokuja, nitajua ni mwoga gani aliyemzuia."

"Nitamwambia nilitoa wapi?"

"Hilo lako. Mimi nataka damu."

Jumapili baada ya ibada nilimkuta mke wangu ameketi nje ya jiko, akipukuchua mbaazi ndani ya ungo. Nilikaa karibu naye, nikachukua maganda nami nikaanza, ili mikono iwe na kazi. Nimeshona kola elfu na elfu, lakini siku ile sikuweza kufungua ganda la mbaazi.

"Niko na ugonjwa," nilisema.

"Gani?"

"Kaswende. Nimeanza dawa. Wewe pia lazima upimwe, kesho. Ni mimi nilikuletea, kama iko."

Mikono yake haikusimama. Alimaliza ganda alilokuwa nalo, na jingine. Nilikuwa nikisubiri aulize ni nani. Nilikuwa na uongo wa aina tatu tayari, wa mwanamke wa baa, wa mwanamke wa kiwandani, na wa tatu uliokuwa mbaya kuliko hizo mbili.

"Na mtoto?" aliuliza.

"Ukitibiwa mapema atakuwa mzima. Kuna nesi atakuja."

"Saa ngapi?"

"Asubuhi."

Alisimama, ungo kiunoni juu ya lile tumbo. "Sitakuuliza ni nani," alisema. "Ukiniambia nitajua, na nikijua itabidi nifanye kitu. Sasa niko na mtoto wa kufikiria." Akaingia jikoni. Niliachwa na maganda. Nililia, na sioni haya kusema.

Nesi alikuwa mlangoni kama alivyoahidi, kiondo chake na sukumawiki yake, mwanamke wa buibui peke yake katika zahanati nzima. Walikaa ndani na mke wangu muda mrefu, na mimi nje nikihesabu nyufa za ukuta. Damu ya mke wangu ilikutwa na ugonjwa. Lakini kabla sijaambiwa hilo, nilisikia kutoka mle ndani wote wawili wakicheka, kicheko cha kweli, na mpaka leo sijui walicheka nini. Nimeshauliza. Mke wangu anasema, "Ni mambo ya wanawake," na Nesi hakuwahi kuniambia hata hayo.

Mwezi uliofuata mjini, mambo yalibadilika bila maelezo. Nesi alimchukua wa kwanza, wakafika petroli, wakazama. Dirishani tulitazamana. Akarudi, akamchukua wa pili, wakazama. Wa tatu, vivyo hivyo. Sote kumi na mmoja alitupeleka darajani na kuturudisha, wenye kitu na wasio na kitu, siku hiyo na kila mwezi baada yake. Alikuwa na goti bovu la kulia, na kufikia saa saba alikuwa akilivuta. Fundi alimsogezea kiti.

"Nani kakwambia nimechoka?"

Fundi alitaka kubandika magazeti kwenye kioo cha dirisha. Nesi alimkataza. "Waache watazame," alisema. "Macho yao si mabovu, waache wayatumie." Hakutugombeza zaidi ya hapo. Ningependa angetugombeza.

Alimtafuta Kinyozi pia. Alienda Ekalakala siku ya soko, akauliza na kuuliza mpaka akampata, akamchoma nyuma ya posho mill, kinu cha kusaga mahindi, na akarudi tena Jumamosi mbili kuzimaliza zote tatu, kwa sababu ilibidi aanze upya. Sisi alituambia neno moja tu, "Mzima," akadai muthokoi. Kinyozi hakurudi mjini. Nilisema nitaenda kumwomba msamaha. Nilisema mwaka ule, na mwaka uliofuata. Sikwenda, na hilo sina namna ya kulipamba.

Mtoto alizaliwa wa kike, Ndanu, analia kwa sauti ya kuamsha kijiji. Nesi alimkagua mwenyewe, akamtoa damu kisigino, akasema yuko salama. Kisha, kwa sababu hakujua kumaliza habari njema bila kuitia chumvi, akaongeza, "Kuna mengine hujionyesha baadaye. Meno ya pili yakitoka, yale mawili ya mbele juu, ukiona yamekatika katikati kama yameng'atwa, niletee."

Meno ya pili! Mtoto hakuwa hata na la kwanza. Nilirudi Athi River na maneno hayo, nikakaa nayo miaka saba. Wazazi wengine husherehekea jino la maziwa likitoka. Mimi niliyachukia yote kwa sababu yalikuwa yakinichelewesha. Mke wangu aliniambia nisimtazame mtoto mdomo akiwa anakula, nitamfanya asishibe. Yeye naye alihangaika kwa namna yake. Kila mwisho wa mwezi, nikijitayarisha kwenda mjini, angeniuliza bila kuniangalia, "Unaenda kwa fundi? Utapimwa?" Nikisema ndiyo, anakunja shati langu vizuri. Hatukuwahi kuzungumza zaidi ya hayo, na mimi sijui kama ndoa za wengine huzungumza zaidi.

Nesi alistaafu Ndanu akiwa na miaka mitano. Walikuja wengine, vijana wazuri wenye fulana za rangi moja na hema, na majibu walitoa dakika kumi na tano, umeketi. Ni bora, najua ni bora. Lakini mimi nikiketi nasikia kizunguzungu.

Meno ya pili yakatoka. Ndanu alikuwa darasa la pili. Yale mawili ya mbele juu yalichomoza, mapana, nami nikamwita uani penye mwanga, nikaona ncha zake zina vijino vijino, kama msumeno. Nilitazama asubuhi, nikatazama mchana, nikamuuliza mama yake, akatazama naye, akarudi jikoni. Jumamosi nilimvalisha gauni la kanisani, nikamwambia tunaenda kununua viatu, nikaenda naye moja kwa moja mpaka mtaa wa nyuma ya msikiti. Niliuliza nyumba ya nesi aliyestaafu. Nilionyeshwa.

Alikuwa amepungua mwili. Alinikazia macho kwenye kizingiti, kisha akatazama tumbo langu.

"Thelathini na mbili," alisema. "Lakini sasa ni uongo. Fundi akupime upya."

"Habari ya siku nyingi, Mama."

"Na huyu?"

"Sijambo susu?" Ndanu akajisalimia mwenyewe kwa kukosea, kwa haya, na Nesi akafurahi sana kuitwa susu, nyanya wa Kikamba. Alimshika kidevu. Mimi sikusema kilichonileta. Sikuhitaji. Alimgeuza mtoto kuelekea jua.

"Hebu cheka, susu akuone meno."

Ndanu akacheka. Nesi alitazama. Alitazama muda mrefu, akiinamisha kichwa huku na huku, na uso wake haukuniambia chochote, ule ule uso wa kuulizia bei ya nyanya. Kisha alijifunga mtandio vizuri.

"Njooni tutembee," alisema.

Tulitoka, Ndanu katikati yetu, ameshika mkono wa kila mmoja. Tulipita lilipokuwa duka la Fundi, ambaye alikuwa amehamia upande wa pili wa soko. Sasa paliuzwa simu. Tulipita duka la mbegu. Tulipita mitungi. Nesi alikuwa akimuuliza mtoto habari za shule, nani hodari wa hesabu, nani amechapwa na kwa nini, akicheka umbeya wa darasa la pili kama vile alivyocheka wetu. Mimi sikusikia majibu. Nilikuwa nahesabu. Miaka yote ya mwisho hakuna mtu aliyegeuka kabla ya daraja, mzima wala mgonjwa, kwa hiyo mwendo wake haukuwa na maana tena, nilijiambia, hauna maana, tutafika darajani na nitajua huko.

Kwenye kituo cha petroli, karibu na pampu ya upepo, alisimama.

"Goti, Mama?" niliuliza. "Nikuitie gari?"

"Goti halina neno. Naweza kwenda darajani na kurudi."

Hakusogea. Alikuwa ananitazama, mara ya kwanza tangu nimjue ananitazama usoni akitoa majibu.

"Hivyo vijino vya msumeno kila mtoto anavyo," alisema. "Vitaisha kwa kutafuna. Siku ile nilidanganya hapa. Leo sidanganyi."

"Ulidanganya nini, susu?" Ndanu akauliza.

"Nilicheka kwa niaba ya mtu," Nesi alimwambia. Kisha akanigusa begani, mahali pale pale. "Geuka. Leo cheka mwenyewe."